Kuunganisha Swichi Zilizo Mbali: Umbali, Radi na Gharama ya Mtaro

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo na kuziwezesha kubadilishana data. Taasisi yenye majengo kadhaa, kama zilivyo kampasi nyingi za vyuo vikuu, haina budi kuunganisha swichi za majengo hayo. Makala hii inajadili njia tatu za kufanya hivyo na kubainisha kwamba kasi si kigezo pekee cha uamuzi.

Njia ya kwanza ni kebo ya shaba. Kwa mujibu wa viwango vya Ethaneti, urefu wake hautakiwi kuzidi mita 100. Baadhi ya mafundi huvuka kikomo hicho kwa kuweka swichi nyingine katikati. Hata hivyo, swichi hiyo nayo huhitaji umeme, na inapozimika, majengo yote yanayoitegemea hukatika. Aidha, shaba hupitisha umeme. Katika maeneo yenye radi nyingi, kama vile ukanda wa Ziwa Viktoria, radi moja inaweza kuunguza swichi za majengo yote mawili.

Njia ya pili ni faiba, yaani uzi wa kioo unaosafirisha data kwa mwanga. Kioo hakipitishi umeme. Hivyo hatari hiyo huondoka, mradi kebo yenyewe isiwe na kinga ya chuma. Faiba ya modi nyingi aina ya OM3 hubeba gigabiti 10 kwa sekunde hadi mita 300, ilhali ya modi moja huweza kubeba kasi hiyo hiyo hadi kilomita 10. Moduli za mwanga za modi moja kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini moduli hubadilishwa kwa dakika chache. Faiba iliyofukiwa haibadilishwi bila kuchimba upya.

Njia ya tatu ni redio. Haihitaji mtaro, ila antena sharti zionane. Miti inayokua huziba njia, na mvua kubwa hudhoofisha masafa ya juu kama gigahezi 60.

Kwa kuwa gharama kubwa mara nyingi imo katika mtaro, si katika uzi, inafaa kutandaza faiba ya modi moja yenye nyuzi za akiba baina ya majengo, na shaba ibaki ndani ya jengo. Redio inaweza kuwa njia ya dharura. Hapo itifaki ya kuzuia mzunguko iwashwe, la sivyo data itazunguka bila kikomo na kuulemea mtandao mzima.