Mwezi Mpevu na Utulivu wa Moyo

Katika siku ya mwezi mpevu, jua linapozama Nzega, mwezi huchomoza upande wa pili wa tambarare karibu kwa wakati ule ule. Usiku huo giza halipati nafasi: mwanga mmoja unapoondoka, mwingine umekwisha kuingia. Si ajabu, basi, kwamba watu wa dini na mila nyingi wameuteua usiku wa namna hiyo kuwa wakati wa sala, saumu na tafakuri. Wako pia wanaofundisha kwamba mwezi mpevu una nguvu ya pekee inayovuta akili ya binadamu na kumkuza kiroho. Kukua kwa roho hakupimwi kwa mizani. Lakini nguvu ikisemwa kuwa inatoka mwezini na kuingia mwilini, hapo sayansi ina haki ya kuuliza.

Nchi ya Mwezi

Wilaya ya Nzega iko kaskazini mwa mji wa Tabora, uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19 baina ya Bagamoyo na Ujiji. Wasafiri Richard Burton na John Speke walifika hapo, mahali palipoitwa Kazeh siku hizo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Burton aliieleza Unyamwezi kwa wasomaji wake kuwa ni Nchi ya Mwezi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu jina hilo ni kwamba watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa magharibi, kwa kuwa mwezi mwandamo huonekana upande huo jua linapotua. Kwa maelezo hayo, jina lilionyesha mahali, wala halikuhusu ibada ya mwezi.

Hata hivyo, mwezi umeingia katika ibada kwa njia ya kalenda. Waislamu wanahimizwa kufunga tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wa Kiislamu, siku ziitwazo siku nyeupe kwa sababu ya mbalamwezi. Wakristo huadhimisha Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira hayo, kwa hesabu ya kanisa inayoanzia tarehe 21 Machi. Wabuddha, ambao wana hekalu lao Dar es Salaam lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka, huadhimisha kuzaliwa, kuangaziwa na kufa kwa Buddha katika mwezi mpevu ambao kwa kawaida huangukia Mei, na kutafakari ni sehemu ya ibada yao.

Mwezi mpevu ni nini?

Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Huakisi mwanga wa jua. Unaizunguka dunia kwa umbali wa wastani wa kilometa 384,400, na kutoka upevu mmoja hadi mwingine hupita siku 29 na nusu hivi. Mwezi huwa mpevu pale dunia inapokuwa kati yake na jua, hata uso wote unaoelekea kwetu ukaangazwa. Ndiyo sababu huchomoza wakati jua linapozama. Kila siku inayofuata, mwezi huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi. Nzega jua huzama karibu na saa moja ya jioni. Basi usiku wa pili baada ya upevu mwezi huchomoza karibu na saa mbili na dakika arobaini, na usiku wa tatu karibu na saa tatu na nusu. Ucheleweshaji huu mdogo, kama itakavyoonekana, una uzito katika maisha ya watu.

Je, mwezi huvuta akili?

Hoja inayosikika mara nyingi ni hii: mwezi huvuta maji ya bahari; mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji; kwa hiyo mwezi huvuta maji ya mwili na ya ubongo. Hoja hii ina kosa. Maji hujaa na kupwa kwa sababu upande wa dunia ulio karibu na mwezi huvutwa zaidi kuliko upande ulio mbali, na pande hizo zimetengana kwa kilometa zaidi ya 12,000. Kichwa na nyayo za mtu hazitengani hata mita mbili. Tofauti ya mvuto wa mwezi kati ya sehemu hizo haifiki sehemu moja ya trilioni kumi ya uvutano wa dunia. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, lakini hata Ziwa Viktoria, kwa ukubwa wake wote, halionyeshi kujaa na kupwa kunakoonekana kwa macho. Tena, uvutano hautegemei mwanga: bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na vile vile wakati wa mwezi mwandamo, mbingu zikiwa na giza.

Mwanga na usingizi

Kinachobaki ni mwanga. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko ule wa jua kwa karibu mara 400,000, lakini kwa jicho lililozoea giza unatosha kuonyesha njia. Mwaka 2013 watafiti wa Basel, Uswisi, walieleza kwamba watu 33 waliolala maabara, wasiweze kuuona mwezi, walilala pungufu kwa dakika 20 hivi karibu na siku za upevu. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wenye watu 470 haukuona tofauti hiyo. Mwaka 2021 watafiti waliwapima Watoba wa Argentina, ambao baadhi yao hawana umeme, na kuona kwamba watu walichelewa kulala na kulala muda mfupi zaidi katika usiku wa siku tatu hadi tano kabla ya upevu, yaani wakati mwezi unapokuwa tayari angani jioni. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa wanafunzi wa mji wa Seattle, Marekani. Suala hili, basi, halijafungwa. Lakini hakuna utafiti kati ya hiyo unaoonyesha kwamba mwezi humwongezea mtu hekima.

Hatari ya usiku unaofuata

Watafiti wakiwamo Dennis Ikanda wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania na Craig Packer walichunguza karibu mashambulizi 500 ya simba dhidi ya wanavijiji kusini mashariki mwa Tanzania, kati ya mwaka 1988 na 2009. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2011, yalionyesha kwamba hatari hupanda mara tu baada ya mwezi mpevu. Sababu ni ule ucheleweshaji wa mwezi: giza huingia mapema jioni, watu wangali nje, na simba aliyekosa windo wakati wa mbalamwezi ana njaa. Pengine hofu ya kale kuhusu mwezi mpevu ilikuwa onyo la giza linalokuja nyuma yake.

Tafakuri yenyewe

Kutafakari, kwa upande wake, kuna faida zinazopimika. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Marekani alieleza jinsi kukaa kimya na kurudia neno moja kunavyopunguza kasi ya pumzi na ya moyo. Mapitio ya mwaka 2014, yaliyojumlisha majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, yaliona kwamba mafunzo ya tafakuri hupunguza wasiwasi na huzuni kwa kiasi, si kwa muujiza. Hayakuhitaji mwezi wowote.

Jaribio kwa shule

Jambo hili laweza kupimwa shuleni. Wanafunzi wahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, wakae kimya kwa dakika 15, kisha wahesabu tena. Wafanye hivyo usiku wa mwezi mpevu na usiku wa giza la mwezi, saa ile ile na mahali pale pale, uani mwa shule pamoja na mwalimu, wakiwa wamejikinga na mbu waenezao malaria. Jaribio lirudiwe kwa miezi mitatu, na matokeo yote yaandikwe, hata yasiyopendeza. Mapigo yakipungua sawasawa katika usiku wa namna zote mbili, sifa ni ya ukimya. Yakitofautiana, hapana budi kuuliza kama sababu ni mwezi, au ni matarajio ya wanafunzi, ambao walijua ni usiku gani.

Mwenye kutaka kuuheshimu usiku wa mwezi mpevu kwa sala au tafakuri hakatazwi na sayansi. Mwezi humpa mwanga, na kalenda humkumbusha siku. Utulivu anaoupata hutoka katika kukaa kwake kimya, na huo waweza kupatikana usiku wowote.