Mali ya Jamii au Mali ya Mtunzi? Uharamia wa Kazi za Sanaa na Ufundishaji wa Fasihi

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuiandika ubaoni tofauti hii: fasihi simulizi ni mali ya jamii, ilhali fasihi andishi ni mali ya mwandishi na mchapishaji wake. Watahiniwa huikariri, huirudia katika Karatasi ya Tatu, wakapata alama yao moja, na mambo yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuifungua kauli hiyo fupi, kwa maana ndani yake limejificha suala zima la uharamia wa kazi za sanaa. Aidha, sisi walimu hatuko nje ya suala hili. Mimi mwenyewe nimo.

Nianze na kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumiwa riwaya teule nzima kwa simu katika kundi la WhatsApp la walimu. Ilikuwa faili la PDF, kurasa zimepigwa picha moja baada ya nyingine. Nilishukuru, nikaipeleka saiba, nikatoa nakala za darasa langu la Kidato cha Nne lenye wanafunzi 44. Mtihani wa pamoja ulipofika, swali la dondoo lilitoka katika sura ambayo aliyepiga picha alikuwa ameruka kurasa nne. Wanafunzi 31 walishindwa kueleza muktadha: hawakumjua msemaji, msemewa wala mahali. Baadhi yao walibuni muktadha wao wenyewe, tena kwa lugha nzuri. Nilipokuwa nikisahihisha nilidhani ni uzembe, mpaka nilipoazima kitabu halisi kwa mwenzangu wa shule jirani.

Neno haramia ni kongwe katika Kiswahili, nalo humtaja mnyang'anyi, hasa wa baharini. Katika uwanja wa sanaa, uharamia ni kunakili, kusambaza au kuuza kazi ya mtu bila idhini yake. Ugumu wa dhana hii kwa wanafunzi ni kwamba mwenye mali hanyang'anywi kitu kinachoonekana. Ukiiba mbuzi, mwenyewe hubaki bila mbuzi. Ukinakili wimbo, mwenyewe bado anao wimbo wake. Kinachochukuliwa ni mauzo, na mauzo ndiyo chanzo cha mrabaha, yaani ile sehemu ya bei anayolipwa mtunzi kwa kila nakala iliyouzwa.

Tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme riwaya inauzwa shilingi 500 na mrabaha ni asilimia 10. Darasa langu lingemletea mwandishi shilingi 2,200. Si fedha nyingi. Lakini shule 20 zenye madarasa kama hilo ni shilingi 44,000, na vitabu teule havina maisha marefu. Chozi la Heri cha Assumpta K. Matei kilitahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022, kisha Nguu za Jadi cha Clara Momanyi kikachukua nafasi ya riwaya mwaka wa 2023. Mwandishi aliyepitwa na miaka hiyo michache hurudi katika soko la kawaida, ambalo kwa riwaya za Kiswahili ni finyu. Na hapa ndipo nilipojionea haya: kila nakala ya saiba ilitugharimu zaidi ya shilingi 300. Kumbe tulikuwa tumelipa. Tuliyemlipa ni mwenye mashine.

Sheria inasemaje? Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia. Kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Mwaka wa 2019 sheria ilirekebishwa ili kuukabili uharamia wa mtandaoni. Mwenye kazi anaweza sasa kuiandikia kampuni ya huduma za intaneti ilani, nayo ikatakiwa kuizuia kazi hiyo katika saa 48 za kazi, isipokuwa aliyeiweka atoe pingamizi. Utaratibu huo unafaa kwa kazi iliyowekwa mahali pa wazi. Kwa faili linaloruka kutoka simu hadi simu katika kundi la walimu 200, ilani hiyo ataandikiwa nani?

Upande wa muziki hali inajitokeza waziwazi zaidi, hasa huku kwetu Pwani ya Kusini. Ukishuka Ukunda utaviona vibanda ambapo kijana huketi mbele ya kompyuta, akakujazia flashi nyimbo na filamu kwa bei ya chai na mahamri. Zimo za Nairobi, zimo za Tanzania zilizovuka Lunga Lunga, na zimo za vijana wetu wenyewe. Mwanafunzi wangu wa zamani alirekodi wimbo mmoja kwa fedha alizopata kwa kibarua katika hoteli ya Diani. Wiki chache baadaye aliupanda wimbo huo katika matatu ya kutoka Likoni: alilipa nauli, akakaa, akajisikia akiimba mpaka Ukunda. Aliniambia kwamba siku ile alifurahi mno, hata akawaonyesha abiria kuwa ndiye yeye. Furaha ilipungua alipotaka kurekodi wimbo wa pili na hakuwa na kitu.

Hapo mtahiniwa makini atauliza: je, kusambaa si kujulikana? Hoja hii ina uzito na isipuuzwe. Msanii anayejulikana hualikwa harusini na hotelini, na wengi hutegemea mialiko hiyo kuliko mauzo. Lakini mialiko humfaa mwimbaji aliye hai na mwenye nguvu. Haimfai mtunzi wa maneno aliyekaa nyumbani. Chukua mfano wa Mombasa. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita, alimtungia mashairi mengi binamu yake, Juma Bhalo, mwimbaji mashuhuri wa taarab aliyefariki mwaka wa 2014. Katika wimbo wa namna hiyo mna haki zaidi ya moja: ya aliyetunga shairi, ya aliyeliimba, na ya aliyerekodi. Haki za mwimbaji na mrekodi wenzetu wa Tanzania huziita hakishiriki, na sheria yao ya mwaka 1999 imebeba jina hilo. Anayenakili kanda au faili huzikata zote kwa mkupuo. Mwimbaji huenda akapoza machungu yake kwenye harusi ijayo, lakini malenga hana harusi ya kualikwa.

Itakumbukwa pia kwamba kunakili hakukuanza na intaneti. Enzi za kanda, maduka ya Mji wa Kale kama Mbwana Radio Service yalirekodi waimbaji wa taarab na kuuza kanda zao, na aliyenunua moja aliweza kuwanakilia majirani. Tofauti ni kwamba kanda ilichakaa. Nakala ya nakala ilikoroma, na mpenzi wa taarab alirudi dukani kutafuta sauti safi. Faili la leo halichakai. Nakala ya elfu moja ni sawasawa na ya kwanza, isipokuwa kama aliyeitengeneza ameruka kurasa nne.

Sasa turudi kwenye kauli yetu ya ubaoni. Waulize wanafunzi wa Diani ni nani aliyetunga Jambo Bwana. Wangu waliniambia ni wimbo wa jadi. Wimbo huo ni wa bendi ya Them Mushrooms, mtunzi wake akiwa Teddy Kalanda Harrison, na ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka wa 1983 kundi la Boney M la Ulaya likatoa toleo lake. Umeimbwa mno hotelini hata ukaonekana hauna mwenyewe. Huu ndio mtego. Kazi inayopendwa sana huanza kuonekana kama mali ya jamii, na aipendaye huinakili bila kuona haya. Mtahiniwa aelewe kwamba umaarufu hauigeuzi kazi andishi au iliyorekodiwa kuwa fasihi simulizi. Kama mtunzi anajulikana na haki zake hazijaisha muda, kazi ni yake.

Kwa upande wa pili, "mali ya jamii" haina maana ya mali ya yeyote. Nyimbo za sengenya na za kayamba za Wadigo na Waduruma hazina mtunzi mmoja, lakini zina wenyewe. Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kuweka rejesta yake. Mtu akija na kinasasauti Msambweni, akarekodi ngoma ya kina mama na kuiuza ng'ambo kwa jina lake, hawezi kujitetea kwamba ni fasihi simulizi. Kwa hivyo ile tofauti tunayoifundisha ni sahihi, ila inaeleza ni nani mwenye mali. Haisemi kwamba upande mmoja una mlango na mwingine hauna. Binafsi nadhani vitabu vyetu vya kiada vimelipita jambo hili kwa haraka mno.

Katika insha za uharamia nimeona makosa mawili yakijirudia. La kwanza ni kuandika mahubiri: wezi waadhibiwe, serikali iamke, basi. Mtahini atakupa alama zaidi ukieleza jinsi hasara inavyopita kutoka nakala moja hadi mrabaha, na kutoka mrabaha hadi kazi ya pili isiyoandikwa. La pili ni kuwasahau wakusanyaji wa mirabaha. Vyama vya kukusanya ada za muziki vimevutana na bodi kwa miaka. Mwaka wa 2017, kwa mfano, MCSK ilinyimwa leseni nayo MPAKE ikapewa. Mwaka wa 2022 sheria ikaguswa tena ili msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya nyimbo zinazotumiwa kuwa miito ya simu. Tuseme kweli: msanii anaweza kupunjwa hata pale ambapo hapana haramia.

Limebaki la umaskini, nami sitalikwepa. Mzazi wa Kinango au Lunga Lunga anapochagua kati ya riwaya na unga, simwiti haramia mwanawe anayesoma faili kwenye simu ya kuazima. Idara yenye bajeti ndiyo isiyo na udhuru. Sheria inaturuhusu kunukuu kwa ajili ya uhakiki na kusoma hadharani dondoo za kiasi tukimtaja mwandishi, na nafasi hiyo inatosha kwa mengi ya darasani. Idara yetu ilinunua nakala 12 halisi, mwanafunzi mmoja akishikilia kitabu kwa kila kikundi cha wanne, vipindi viwili kwa wiki vikiwa vya kusoma kwa sauti. Nilihofia kwamba tungechelewa kumaliza, na kweli tulichelewa kwa wiki tatu. Nakala mbili zimepotea tangu wakati huo na moja haina jalada. Kurasa zote za ndani zipo.