Mwanao akitaka kwenda Moyale kwa pikipiki

Lami imefika hadi mpakani, na vijana wana hamu ya kuiona kaskazini kwa macho yao. Haya ndiyo ya kuzungumza naye kabla hajawasha injini.

Likizo ya Desemba ikikaribia, katika nyumba nyingi huzuka swali ambalo wazazi wa zamani hawakuulizwa. Kijana aliyepata kazi yake ya kwanza na kujinunulia pikipiki anakuja na habari kwamba yeye na wenzake wanapanga kwenda Moyale. Si kwa basi. Kwa pikipiki, kutoka Nairobi, takriban kilomita 780 kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Jibu la kwanza la wazazi wengi ni "hapana", na linaeleweka. Ni vigumu kupata mtaa ambao haujawahi kumzika mtu au kumuuguza kwa sababu ya ajali ya pikipiki. Lakini mtoto wa miaka 23 mwenye leseni yake na pesa zake hazuiliwi kwa neno moja. Akikatazwa bila kusikilizwa, huenda akaondoka hata hivyo na kusema amekwenda Nakuru kumtembelea rafiki. Hapo mzazi amepata hasara mara mbili: mtoto yuko safarini, na nyumbani hakuna anayejua yuko barabara gani.

Kwa hiyo badala ya kubishana kama aende au asiende, mzazi anafaa kuuliza: anaenda vipi, na nani, kwa siku ngapi, na nani atajua akikwama?

Njia iliyobadilika

Mzazi aliyezaliwa miaka ya 1960 au 1970 anaijua kaskazini kwa sifa tofauti kabisa. Enzi za ukoloni, eneo hilo liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini na lilifungwa kisheria, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Hata baada ya Uhuru, lami iliishia Isiolo kwa miongo mingi. Kuanzia pale malori yalisafiri kwa misafara yenye askari, yakitimua vumbi kwa siku mbili au zaidi kabla ya kufika Moyale. Si ajabu kwamba mgeni aliyefika Marsabit akitoka Nairobi aliulizwa, "Habari za Kenya?"

Leo kilomita 500 hivi kati ya Isiolo na Moyale zina lami yote, na safari iliyochukua siku mbili inamalizika kati ya asubuhi na jioni. Hilo limewafaa wafugaji, wafanyabiashara na wagonjwa. Limeleta pia hatari ya aina mpya. Barabara ni laini, imenyooka, na mara nyingi haina magari. Kijana aliyezoea msongamano wa Nairobi akifika pale huona ni halali yake kufungulia pikipiki mpaka mwisho.

Anachokwenda kuona

Kabla ya kuorodhesha hatari, mzazi ajue kinachomvuta mwanawe. Akikijua, mazungumzo huwa mepesi.

Safari hupitia Thika, Sagana na Karatina hadi Nanyuki, mji uliokalia Ikweta chini ya Mlima Kenya. Baada ya Nanyuki barabara hupanda bega la kaskazini la mlima huo, ikipita mashamba ya ngano ya Timau, ambako asubuhi baridi hupenya hata jaketi nzito. Kisha ghafla nchi inafunguka. Barabara inateremka kuelekea Isiolo, joto linapanda kila baada ya kilomita chache, na mbele yake kaskazini yote imetandazwa, vilele vya samawati vikichomoza kutoka uwandani.

Baada ya Isiolo ni Archer's Post na daraja la mto Ewaso Ng'iro, jirani na mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Mbele kidogo unasimama Ololokwe, mlima wenye kilele bapa kama meza na kuta za mawe ambako tai hujenga viota. Kwa Wasamburu huo ni mlima mtakatifu, na anayetaka kuupanda huenda na wenyeji. Upande wa magharibi safu za Mathews na Ndoto hufuatana na msafiri kwa muda mrefu, huku barabara ikipita Merille, Laisamis na Logologo katika nchi kavu ya Warendille na ngamia wao.

Kisha unatokea Marsabit. Ni mlima wa volkano ya kale, wenye kimo cha mita 1,707, uliozungukwa na jangwa pande zote lakini umevaa msitu na ukungu kichwani. Ndani ya msitu huo kuna Ziwa Paradise, na ndiko aliishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu ajabu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974. Mfano wake umesimama hadi leo katika Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, mahali pazuri pa kuwapeleka wadogo wanaobaki nyumbani.

Kaskazini ya mji huo barabara hupita kando ya Gof Choba, shimo kubwa la volkano, kisha huingia Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi usio na mti. Mazigazi huonekana barabarani kama madimbwi ya maji. Baada ya Turbi vilima hurudi, Sololo inapita, na milima ya upande wa Ethiopia inainuka mbele. Hapo Moyale iko karibu.

Kijana anayeyaona haya mara moja haendi tena kuiona Kenya kama barabara ya Nairobi, Nakuru na Mombasa tu. Hilo ni jambo la kheri, na mzazi anaweza kulisema waziwazi kabla ya kutoa masharti.

Hatari zenyewe

Ya kwanza ni mifugo na wanyama pori. Ngamia, punda na mbuzi huvuka barabara bila kuangalia, na ngamia ni mnyama mrefu: pikipiki humgonga miguuni, mwili ukamwangukia aliyepanda. Karibu na Archer's Post na msitu wa Marsabit wanaovuka wanaweza kuwa ndovu. Dawa ni mwendo wa wastani na kutosafiri giza likiingia. Sharti hili la pili lisilegezwe hata kidogo, kwa sababu ya wanyama na pia kwa sababu ya usalama. Maeneo haya yamewahi kuona wizi wa mifugo na uvamizi barabarani, na hali hubadilika. Asubuhi kabla ya kuondoka, vijana waulize kituo cha polisi au wenye hoteli hali ya njia ilivyo siku hiyo. Wakiambiwa wasubiri, wasubiri.

Ya pili ni upepo. Kati ya Marsabit na Turbi huvuma kutoka ubavuni kwa nguvu ya kuisukuma pikipiki nyepesi kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Mizigo ikifungwa juu sana huwa kama tanga. Ikae chini, igawanywe sawa pande zote mbili.

Ya tatu ni joto. Upepo ukikausha jasho, mwendeshaji hahisi kwamba anapungukiwa na maji. Dalili ni kuumwa na kichwa, kukojoa kidogo mkojo wa rangi nzito, na akili kuwa nzito. Mtu wa namna hiyo huchelewa kushika breki. Kila mmoja abebe angalau lita tatu za maji na pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini, na wote wasimame kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, hata kama hakuna aliyechoka.

Ya nne ni mvua. Barabara kuu ina madaraja, lakini vijana hupenda kuchepuka kwenda kuona mambo. Njia za vumbi hukatiza laga, mito ya mchanga iliyo mikavu karibu mwaka mzima. Mvua ikinyesha milimani, laga hujaa kwa dakika chache huku anga ya pale ikiwa safi. Hakuna kuvuka laga yenye maji kwa pikipiki, hata yakionekana ya kufika magotini tu.

Siku tatu, si moja

Wapo wanaojisifu kufika Moyale kwa siku moja. Mzazi asikubali mpango huo. Mgawanyo wenye akili ni siku tatu za kwenda: Nairobi hadi Isiolo, Isiolo hadi Marsabit, Marsabit hadi Moyale. Kila kipande hakifiki kilomita 300, kwa hiyo anayeondoka saa moja asubuhi amefika kabla ya saa kumi jioni, pamoja na mapumziko. Siku moja ya kukaa Marsabit au Moyale, kisha kurudi kwa mwendo huo huo.

Mafuta ya uhakika yako Isiolo, Marsabit na Moyale, na katika kila mji huo tangi lijazwe hata kama halijaisha. Fundi naye hapatikani kila kona. Wabebe tyubu ya akiba, vifaa vya kuziba pancha, pampu, plagi, waya wa klachi na spana zinazotosha boliti zao, na wawe wamewahi kubadilisha tairi wenyewe. Pikipiki ifanyiwe huduma wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili fundi akikosea ijulikane karibu na nyumbani.

Makubaliano ya simu

Mtandao wa simu hupatikana mijini, lakini katikati kuna vipande virefu visivyo na chochote. Mzazi asiyejua hili huteseka bure. Anapiga simu mara ishirini, haipatikani, na kufikia jioni amekwisha kuona jeneza.

Kaeni pamoja muandike ratiba. Ataje miji atakayotuma ujumbe: Nanyuki, Isiolo, Merille, Laisamis, Marsabit, Turbi, Moyale. Neno moja linatosha: "Nimefika." Kando ya kila mji andikeni saa anayotarajiwa, kisha mkubaliane hatua. Akichelewa saa mbili, mzazi ampigie mwenzake wa safari. Akichelewa saa tatu, apige hoteli walikopanga kulala. Giza likiingia bila habari, apige polisi wa mji ulio mbele na ulio nyuma. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa jikoni, pamoja na 999 na 112 za dharura na 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Naye kijana atimize upande wake. Asipotuma ujumbe kwa uzembe, safari inayofuata haina baraka.

Bima na karatasi

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Bima ya lazima ya pikipiki ni ya mtu wa tatu: humlipa aliyegongwa, si aliyeendesha. Kijana akivunjika mguu kwa kuanguka mwenyewe, bima hiyo haimlipii hata bandeji. Muulize kama usajili wake wa SHA uko hai, na kama ana bima ya ajali ya mtu binafsi. Kutoka Laisamis hadi hospitali kubwa ni mbali, kwa hiyo ulizieni pia uanachama wa ndege za wagonjwa, kama ule wa Amref Flying Doctors. Ada yake ilinganishwe na gharama ya kukodi ndege siku ya msiba.

Leseni iwe ya daraja la pikipiki anayoendesha. Abebe kitambulisho cha asili, kwa sababu vizuizi vya polisi ni vingi. Helmeti iwe na alama ya ubora, imkae barabara, na ifungwe kidevuni. Iliyowahi kuanguka kwa kishindo ibadilishwe. Avae buti, glavu na jaketi ya kuakisi mwanga. Na angalau mmoja katika kundi awe amesomea huduma ya kwanza, ajue kwamba aliyeanguka havuliwi helmeti kwa pupa kabla shingo yake haijashikiliwa.

Kuvuka kuingia Ethiopia ni safari nyingine, yenye karatasi zake, na huko magari hupita upande wa kulia. Kwa safari ya kwanza, mpaka uwe ndio mwisho.

Kama anayesafiri ni mzazi

Si vijana pekee. Baba na mama wa miaka arobaini nao wananunua pikipiki kubwa na kuelekea kaskazini. Masharti ni yale yale, na moja zaidi: mwenzi anayebaki ajue karatasi za bima, akaunti na karo ziko wapi. Watoto wadogo waoneshwe njia kwenye ramani, wapake rangi kila mji baba au mama anapofika. Mtoto aliyeshirikishwa hulala vizuri kuliko aliyeambiwa "atarudi tu".

Jaribio kabla ya ruhusa

Wiki chache kabla ya safari, kundi zima liende Nanyuki na kurudi kwa wikendi moja, likiwa na mizigo ile ile, ratiba ile ile na ujumbe wa simu ule ule. Ni kilomita 400 hivi. Mzazi ataona nani anatuma ujumbe kwa wakati, nani anakimbia, na pikipiki ya nani inavuja oili. Kijana naye atajua kama mgongo wake unaweza mara nne ya hapo. Wakirudi salama na kwa mpango, mkae tena muipange Moyale. Wakikataa hata jaribio hilo, safari ya kaskazini isubiri mwaka ujao.