Miche 2,000 na swali ambalo hatukuuliza

Hebu nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa naanza shahada ya uzamili, kundi letu la wanafunzi lilikwenda kijiji kimoja cha pwani ya Tanga kupanda mikoko. Fulana za rangi moja, simu mkononi, furaha tele. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbele ya msitu kulikuwa na uwanda mpana wa tope, mtupu kabisa. Tukachomeka karibu miche 2,000 kwa asubuhi moja, tukapiga picha, tukarudi mjini.

Miezi minne baadaye nilirudi kuhesabu. Nilibeba daftari, tepu ya kupimia na fomu nzuri sana. Fomu haikuhitajika. Kilichobaki ni vijiti vyeusi.

Mzee mmoja aliyekuwa akikarabati ngalawa yake aliniona nimeduwaa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuwatazama wafu?" Kisha, bila hata kuinua kichwa: "Hapo ni pa mlilana. Mkoko hapo haukai."

Nikamuuliza mbona hakutuambia siku ile. Akacheka. "Kwani mliniuliza? Mlikuja na ratiba yenu."

Leo nataka tuielewe sentensi yake hiyo fupi: kwa nini ilikuwa kweli, yeye aliijuaje, na wapi alikuja kukosea. Maana "wazee na vijana washirikiane" tumeisikia kwenye kila warsha. Ni nadra mtu kukueleza ushirikiano wenyewe unafanyikaje.

Kwa nini miche ilikufa

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Tunasema "mikoko" kwa miti yote inayoota kwenye maji ya chumvi, lakini mkoko wenyewe, ambao wataalamu huuita Rhizophora mucronata, ni mmoja tu kati yake. Kuna mlilana, mchu, muia, mkandaa, mkomafi na mingine, na kila mmoja una mahali pake. Ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, kwa kawaida unaanza na mlilana, kisha mkoko, kisha muia na mkandaa. Mchu ni mkaidi kidogo: utaukuta upande wa nchi kavu, na wakati mwingine tena mbele kabisa baharini.

Kinachoipanga hivyo, kwa sehemu kubwa, ni idadi ya mara ambazo maji hufika. Bahari yetu hujaa mara mbili kwa siku, yaani karibu mara 60 kwa mwezi. Lakini haijai sawasawa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda sana. Wakati wa maji mafu hupanda kidogo tu. Kwa hiyo ardhi ya chini hufunikwa karibu kila maji yanapojaa, na ardhi ya juu husubiri bamvua. Mwaka 1928 mtaalamu wa misitu aitwaye Watson, akifanya kazi Rasi ya Malaya, aliyagawa maeneo ya mikoko kwa kigezo hicho hicho: maji hufika mara ngapi kwa mwezi. Mpaka leo wanaopanda mikoko bado wanautumia mgawanyo wake.

Sasa rudi kwenye tope letu. Chimba kidogo utasikia harufu ya mayai viza. Hiyo ni dalili kwamba chini hakuna hewa, na bakteria wanaoishi bila oksijeni wanatoa gesi yenye harufu hiyo. Mizizi nayo inataka kupumua. Mlilana hupenyeza mizizi minene juu ya tope kama pembe. Mkoko husimama kwa mizizi iliyopinda kama matao, yenye vitundu vidogo vya kuvuta hewa maji yakikupwa. Mche mchanga bado hauna matao hayo. Ukiuchomeka chini mno, unafunikwa karibu kila maji yakijaa, mawimbi yanautikisa, tope linaganda kwenye majani. Unakufa polepole huku wewe umeshaweka picha mtandaoni.

Mbona basi tulichagua mkoko? Kwa sababu ni rahisi! Mbegu yake huchipua ikiwa bado juu ya mti, inarefuka kama rula, unaiokota na kuichomeka. Mbegu za mlilana ni ndogo, zimo ndani ya tunda, zinataka kitalu na uvumilivu. Na uwanda ule mtupu haukuwa na mwenyewe wa kugombana naye.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2008 watafiti Primavera na Esteban walipitia miradi ya kupanda mikoko nchini Ufilipino, wakaona kwamba kwa muda mrefu ni asilimia 10 hadi 20 tu ya miche iliyokuwa inapona. Sababu kubwa? Jamii ile ile ya mkoko, ikipandwa kwenye fukwe zilizo wazi kwa mawimbi, mahali ambapo kwa asili huanza mlilana na mchu.

Mzee alijuaje

Si kwa ndoto. Ujanani mwake alikuwa mkata boriti. Boriti za mikoko zimejenga nyumba za mwambao wote, na kwa vizazi vingi zilipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Mkataji asiyejua mkandaa unaota wapi hurudi nyumbani mikono mitupu. "Msitu huu nimeula mwenyewe," aliniambia. Kwa hiyo tusimfanye mzee malaika. Ujuzi wake umetoka kwenye shoka, na ni ujuzi hata hivyo.

Kuna sababu nyingine inayofanya kumbukumbu yake iwe na thamani. Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jambo ambalo kwa Kiswahili naweza kuliita kuhama kwa kipimo: kila kizazi huchukua hali ya ujanani mwake kuwa ndiyo hali ya kawaida. Baba alizoea samaki mia, mtoto kazoea kumi, mjukuu akipata watatu anashukuru. Hakuna anayeona hasara yote. Mwaka 2005 watafiti waliripoti mahojiano na wavuvi wa vizazi vitatu katika Ghuba ya California, Mexico. Wavuvi wazee walitaja aina za samaki zilizopungua mara 5 zaidi ya zile walizotaja vijana. Bahari ni moja, lakini vijana walikuwa hawajui wamepoteza nini.

Mimi nilipouona ule uwanda, niliona uwanda. Mzee aliona mahali ambapo paliwahi kuwa na milalana wakakatwa. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na picha zake za mwanzo haziwezi kukuambia kama mti ni mlilana au mkoko. Mzee anaweza.

Alipokosea

Tulirudi, safari hii watu wanne tu, tukatembea naye. Kila alipotuonyesha, tulichomeka kigingi kilichopakwa chaki tangu juu hadi chini. Maji yakipanda yanaosha chaki, yakishuka unapima alama. Ukifanya hivyo siku za bamvua na tena siku za maji mafu, unajua pale pana kina gani. Gharama yake ni vijiti na boksi la chaki.

Sehemu nyingi alama zilikubaliana naye. Ila nyuma ya msitu kulikuwa na mahali alipoapa ni pa mkandaa, kwamba bamvua hufika kiunoni. Bamvua likaja. Chaki ikaoshwa kwenye kifundo cha mguu tu. Mchanga ulikuwa umejaa pale kwa miaka, na yeye alikuwa ameacha kupita njia hiyo. Alikitazama kigingi kwa muda, akasema taratibu, "Kumbe pamepanda."

Hali hiyo si ngeni. Kwenye hori la Mwache, Mombasa, mchanga na tope vilivyoletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998 viliua mikoko mingi. Ongeza na usawa wa bahari unaopanda kwa sababu ya joto la dunia. Kumbukumbu inasema palikuwaje. Kigingi kinasema pakoje. Ukiwa na kimoja tu, utapanda makaburi.

Kazi isiyotosha kizazi kimoja

Ukivuka mpaka ukaingia Kwale, Kenya, kuna ghuba ya Gazi. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwandani. Majaribio ya kupanda upya yalianza mwaka 1991, watafiti wakifanya kazi na wanakijiji. Mradi wa Mikoko Pamoja, ambao vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu, ulianza mwaka 2013. Fedha zake zimekwenda kwenye maji na shule. Piga hesabu: tangu majaribio hadi mapato ni miaka 22. Aliyepanda akiwa kijana wa miaka 30 alikuwa na 52 mradi ulipoanza kuuza. Shahada yangu ni miaka miwili.

Kabla hujapanda

Kama kikundi chako kina mpango wa kupanda mikoko, uliza mambo matatu. Palikuwa na mti gani hapa? Uliondolewa na nini? Kama ni tuta au barabara iliyoziba maji, fungua maji kwanza, mara nyingi mbegu zitakuja zenyewe. Na maji yanafika wapi sasa? Maswali mawili ya kwanza mpelekee mzee. La tatu chomeka kigingi.

Na jambo moja zaidi, ambalo sisi tulilikosa. Bajeti yetu ya kwanza ilikuwa na posho ya dereva, mpiga picha na mtu wa chakula. Ya mzee haikuwepo. Safari ya pili tulimlipa kama tunavyomlipa mtaalamu yeyote, na jina lake liko kwenye ripoti, kwa ridhaa yake.

Sasa hivi kuna kitalu kidogo cha mlilana nyuma ya nyumba yake. Mjukuu wake, yuko kidato cha tatu, ndiye anayepiga picha vigingi kila bamvua na kunitumia kwa WhatsApp. Mwezi uliopita alisahau kupaka chaki. Babu yake ndiye aliyemkumbusha.