Kijiko ni mume, uma ni mke?

Keti mezani na Mjerumani umwombe vyombo vya kulia. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Sahani ni moja, lakini kila chombo kimekuja na kineno chake. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kijerumani, awe anajiandalia mtihani wa A1 ili amfuate mwenzi wake Hamburg au anajifunza kwa hamu tu, anapoanza kulishwa maneno ya vijiweni kuhusu der, die na das. Mengine ni ya kweli. Mengi ni uzushi.

"Der ni ya wanaume, die ya wanawake, das ya vitu." Uongo, na ndio uongo unaozaa mwingine wote. Kwa baba (der Vater) na mama (die Mutter) mambo yanakwenda sawa. Lakini meza, der Tisch, haina ndevu, wala mlango, die Tür, haujifungi kanga. Kisha anakuja msichana: das Mädchen. Mark Twain wa Marekani alilifanyia mzaha jambo hili mwaka 1880, akisema kwamba kwa Wajerumani binti hana jinsia ilhali tanipu inayo.

Mswahili hana haja ya kucheka naye. Siri imo mwishoni mwa neno. Mädchen ni udogo wa neno la zamani, Magd, na kila nomino inayopachikwa -chen au -lein huhamia das, bila kujali ilikotoka. Paka ni die Katze, kipaka ni das Kätzchen. Mbwa ni der Hund, kijibwa ni das Hündchen. Si ndivyo tunavyofanya sisi? Nyumba hii tukiipunguza inakuwa kijumba hiki: umbo limebadilika, na ngeli imehama nalo. Mfano unaonipendeza zaidi ni "kijana". Kwa umbo ni wa KI-VI, lakini nani asemaye "kijana hiki kimefika"? Tunasema huyu amefika, kwa kuwa ni mtu. Wajerumani nao wakishamtaja das Mädchen, sentensi ya pili mara nyingi humwita sie, yaani yeye wa kike. Sarufi na uhai vinavutana kwao kama kwetu.

Kwa hiyo yule anayesema "sisi hatuna kitu kama hicho, ndiyo maana kinatushinda" naye amekosea. Tunacho, tena kwa wingi. Sikiliza: "Kiti changu kizuri kimevunjika." Kiti kimoja kimeyaburuta maneno matatu. Kwa Kijerumani, mein schöner Stuhl ist kaputt, kitenzi hakijali kabisa kama ni der, die au das. Na kwenye wingi zile tofauti hufutika, wote wanakuwa die: die Löffel, die Gabeln, die Messer. Sisi hata kwenye wingi hatupumziki: viti vile, miti ile, magari yale. Mimi ningemshauri mwanafunzi ayasahau majina ya "kiume" na "kike" waliyoyabuni wanasarufi, aseme moyoni: ngeli ya der, ngeli ya die, ngeli ya das.

"Hakuna kanuni, ni kukariri tu." Nusu kweli. Kijiko na uma havina maelezo; vikariri. Ila maneno yenye viambishi tamati -ung, -heit, -keit na -schaft ni die: die Zeitung, gazeti, die Freiheit, uhuru, die Freundschaft, urafiki. Yenye -ling na -ismus ni der. Siku, miezi na majira ya mwaka ni der. Neno lililounganishwa hufuata la mwisho: das Haus na die Tür huzaa die Haustür, mlango wa nyumba. Usije tu ukaona "ung" popote ukarukia die: katika der Sprung, mruko, "ung" si kiambishi hicho, ni sehemu ya mzizi wenyewe.

"Ukisikia der, neno hilo ni la ngeli ya der." Uongo, na huu huwaliza wengi. Uma ni die Gabel, lakini kula kwa uma ni mit der Gabel. Kineno kinabadilika kwa kazi ya nomino katika sentensi.

"Ukikosea hawakuelewi." Kwa kawaida, uongo. Mgeni akikwambia "viti yangu zimevunjika" utamletea viti vingine. Mitego ipo, lakini: der See ni ziwa, die See ni bahari, ndiyo maana Ziwa Victoria ni der Viktoriasee na Bahari ya Kaskazini ni die Nordsee. Das Steuer ni usukani, die Steuer ni kodi.

"Wajerumani wenyewe hawatofautiani." Uongo. Siagi ni die Butter katika Kijerumani sanifu, lakini kusini wako wanaosema der Butter. Cola mara nyingi ni die Ujerumani na das Austria. Kuhusu Nutella, usiulize ukiwa na haraka.

Na wapo wanaodai kwamba neno la kigeni husamehewa kineno. Halisamehewi, kama sisi tulivyokichukua kitabu kutoka Kiarabu tukakitia KI-VI na kukipa wingi wa vitabu. Sisi tulitwaa Schule yao, die Schule, ikawa shule ya ngeli ya I-ZI. Wao wanayo safari yetu. Kwa Kijerumani ni die Safari.