Kutibu Maumivu ya Kiuno kwa Joto



Maradhi ya kiuno hayachagui shamba. Mchumaji wa karafuu kisiwani huyapata kwa magunia na ngazi. Mkulima wa Kinyala, wilaya ya Rungwe, huyapata kwa kubeba viazi na ndizi katika miteremko. Na aliyeumwa siku nyingi huwa tayari kuuza hata shamba akisikia pana tiba mpya. Mojawapo ni joto lipelekwalo ndani ya mgongo kwa sindano, bila ya kupasuliwa. Yafaa tuielewe kabla ya kutoa fedha.

Baina ya pingili za uti wa mgongo pana kitu kama mto mdogo, kiitwacho diski. Katikati yake ni ute mzito, na pembeni pana ukuta wa nyuzi ngumu. Kwa umri na mizigo ukuta huo huweza kupasuka, na kwa kuwa una mishipa ya fahamu, mtu huumwa, hasa akikaa au akiinama.

Katika miaka ya 1990 madaktari wawili ndugu wa Marekani, Jeffrey Saal na Joel Saal, waliitunga njia hii. Mgonjwa hulala kifudifudi, ametiwa ganzi lakini yu macho. Daktari, akiongozwa na eksirei, hupitisha waya mwembamba katika sindano mpaka ndani ya diski. Waya hutiwa joto pole pole mpaka kadiri ya digrii 90 za sentigredi, kwa dakika 16 au 17. Ilitarajiwa kwamba joto litakaza nyuzi na kuzima mishipa inayouma. Haikukusudiwa kwa mtu ambaye mshipa wake umebanwa, maumivu yakateremka mguuni.

Je, inafaa? Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 uliona nafuu kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa makini. Wa Australia, mwaka 2005, uliwalinganisha waliotiwa joto na waliotiwa waya usiowashwa, usione tofauti. Mwaka 2008 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ikakataa kuilipia.

Basi mtu asiuze mikarafuu yake kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mazoezi na mafunzo ya kujitunza, wala halikushauri mkanda wa kiuno. Tugawe mizigo, na tusilale kitandani siku nyingi.

Aliye Kinyala aanzie hospitali ya Tukuyu, na ikibidi aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Aliye Unguja aende Mnazi Mmoja. Mabingwa wa mifupa wako pia MOI, Muhimbili. Lakini mguu ukilegea, ukipata ganzi sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia haja, usingoje kesho: nenda hospitali siku ile ile.

Katibu