Visima vya Isaka: Wahusika wa Biblia katika Maisha ya Wakristo wa Ndabibi

Utangulizi

Wahusika wa Biblia wana nafasi ya pekee katika imani ya Wakristo. Ibrahimu huitwa baba wa imani. Musa ndiye aliyepokea Sheria. Daudi ni mfalme ambaye katika ukoo wake alizaliwa Yesu. Petro na Paulo ni mitume waliolieneza Kanisa. Hata hivyo, thamani yao haitokani na ukamilifu. Ibrahimu alificha ukweli kuhusu mkewe, Musa aliua mtu, Daudi alimtwaa mke wa Uria, na Petro alimkana Bwana wake mara tatu. Mkristo huwasoma ili aone jinsi Mungu anavyowatumia wanadamu wenye udhaifu, na ili apate kielelezo cha kuishi na jirani. Makala haya yanafafanua jambo hili la pili kwa kuzingatia mazingira ya Ndabibi, katika Kaunti ya Nakuru.

Mazingira na lugha

Ndabibi iko magharibi ya Ziwa Naivasha, chini ya vilima vya Eburru. Huko wakulima na wafugaji wenye lugha za mama tofauti ni majirani, na eneo zima limeonja uchungu wa migogoro. Mwaka 1993 maelfu ya watu walifukuzwa Enoosupukia, upande wa Narok, wakakimbilia Maela, si mbali na Ndabibi. Kambi yao ilivunjwa na Serikali Desemba 1994. Januari 2005 watu waliuawa Maai Mahiu katika ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Januari 2008, baada ya uchaguzi mkuu, damu ilimwagika mjini Naivasha.

Katika mazingira kama hayo, Kiswahili huwapa waumini wahusika wa pamoja. Kazi ya kutafsiri Biblia aliyoianza Ludwig Krapf mjini Mombasa mwaka 1844 ilifuatiwa na tafsiri za Kiunguja na za Kimvita, kisha ikaja Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Majina kama Ibrahimu, Musa na Daudi yalichukua umbo ambalo Waislamu wa pwani walikwisha kulizoea. Yesu, Yohana na Petro yakafuata njia nyingine. Ibrahimu wa Kiswahili basi si mali ya kabila moja.

Ibrahimu na Isaka

Katika Mwanzo 13, wachungaji wa Ibrahimu na wa Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha. Ibrahimu, ingawa ndiye mkubwa, alimwachia Lutu achague kwanza. Hapa mwenye nguvu ndiye aliyepunguza haki yake ili undugu usivunjike.

Mwanawe Isaka hana masimulizi mengi. Sura ya 26 ndiyo hasa inayomweka mbele. Alifukua visima vya baba yake vilivyokuwa vimezibwa, kisha akachimba vingine. Wachungaji wa Gerari walikigombania kisima cha kwanza, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Walikigombania cha pili, akakiita Sitna, yaani uadui. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani nafasi. Baadaye Abimeleki mwenyewe alimwendea, wakala pamoja na kuapiana amani.

Ikumbukwe kwamba kisa hiki kinaweza kupotoshwa. Aliyefukuzwa kwake hawezi kuambiwa tu kwamba amwige Isaka na kuhama tena. Isaka hakuacha haki yake ya kuchimba, na amani haikukamilika mpaka waliomfukuza walipomjia na kufunga agano naye. Wajibu mkubwa, basi, uko kwa aliyebaki na kisima.

Yoshua na Ruthu

Wapo pia wahusika wanaoweza kutumiwa vibaya. Yoshua aliwaongoza Waisraeli kuitwaa Kanaani, na anayetamani ardhi ya jirani anaweza kujiita Mwisraeli na kumfanya jirani Mkanaani. Wanafunzi wa lugha watambue hapa jambo ambalo tafsiri imelificha. Majina Yoshua na Yesu yana asili moja katika Kiebrania, na katika Kiyunani huandikwa kwa namna moja. Kwa Mkristo, maana ya Yoshua hukamilishwa na yule mwenye jina hilo hilo ambaye hakumpokonya mtu shamba, na ambaye, kwa mujibu wa Mathayo 2, alikuwa mkimbizi Misri akiwa mtoto.

Ruthu naye ni Mmoabi, mjane na mgeni, aliyeokota masazo ya mavuno katika shamba la Boazi. Sheria ya Walawi 19 ilimwamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni, bali amwachie maskini na mgeni sehemu. Mgeni huyo akawa mama wa Obedi, babu yake Daudi, na jina lake limo katika ukoo wa Yesu. Kama Boazi angaliwafukuza wageni shambani mwake, ukoo huo ungalisimuliwa kwa namna nyingine.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba umuhimu wa wahusika wa Biblia kwa Wakristo hauishii katika kuyakariri majina yao. Jambo la msingi ni kujua ni nani anayefanywa kielelezo, na kwa nia gani. Penye uhaba wa malisho, maji na ardhi, kumchagua Ibrahimu anayempisha mdogo wake, Isaka anayetafuta Rehobothi au Boazi anayemsazia mgeni ni uamuzi unaoweza kuokoa maisha. Nchi aliyopita Isaka ilikuwa na ukame kama ilivyo nchi nyingi za wafugaji. Kilichobadilika kati ya Eseki na Rehobothi ni mwenendo wa watu waliokizunguka kisima.